Kioo cha Kulia

Hela ilikuwa ya Filomena, kwa hiyo Filomena alikwenda dukani. Tangu Jumanne mumewe alikuwa akijaribu kumzuia. Alimwambia foleni ya Ubungo itamchosha, akamwambia mambo yenyewe ni ya kiufundi, akamwambia wauzaji wakimwona mwanamke wanapandisha bei. Filomena alimsikiliza mpaka mwisho, akamalizia kufunga kilemba chake, kisha akasema, "Baba Gladi, hicho kikoba nimekichanga miezi kumi na moja. Nakwenda kuiaga hela yangu."

Ferdinand akaanza kuvaa viatu. Mwanamume anayenunuliwa kitu na mkewe hana maneno mengi ya kusema, na yeye alilijua hilo.

Kazi yake ilikuwa kupiga video za harusi, na ilisifiwa kuanzia Kimara hadi Kibamba. Lakini sifa za mwaka juzi hazinunui unga. Kamati ya harusi ya binti wa mkandarasi mmoja wa Mbezi ilikuwa imeona kwenye simu video ambayo kamera inaingia ukumbini mbio, inapita chini ya meza, inaizunguka keki na kutokea dirishani. Wakaitaka hiyo hiyo. Mwenyekiti wa kamati, mtu aliyezungumza huku akitafuna kijiti cha meno, alimwambia mbele ya watu ishirini, "Kama huwezi useme mapema, bwana kamera. Vijana wanaoweza wapo." Ferdinand akajibu kwamba anaweza. Zilikuwa zimebaki wiki mbili.

Droni ya kazi hiyo, ndogo na yenye kasi, alishaipata ya mtumba kwa mwenzake aliyehamia Dodoma. Ilikuja bila miwani. Na droni ya namna ile hairushwi kwa kuitazama angani. Mrushaji hukaa chini, huvaa miwani inayoziba nusu ya uso, na ndani yake huona kile ambacho kamera inakiona. Bila miwani, ile ilikuwa pambo la kabatini. Kwa mwezi mzima Ferdinand alisoma habari za miwani kwenye simu: uzito, muda wa betri, upana wa kuona. Aliweza kukutajia upana wa kuona wa miwani saba bila kuchungulia popote. Upana wa macho yake mwenyewe hakuna aliyewahi kumuuliza.

Miwani zilizokubali kuongea na droni yake zilikuwa mbili tu. Moja ilikuwa boksi lenye skrini moja kubwa ndani, laki nne na nusu. Ya pili ilikuwa na vioo viwili vidogo, kila jicho na chake, milioni moja na laki sita. Ferdinand alitaka ile ya laki nne na nusu, maana aliona haya kukila kikoba cha mkewe chote. Filomena alitaka ile ya pili, kwa sababu katika maisha yake hajawahi kununua kitu cha bei ya kutupa kisimrudishe dukani.

Barazani walimkuta Mzee Benedikto, baba yake Ferdinand, akimenya njugu mawe kwenye ungo. Enzi zake alikuwa mchonga vinyago pale Mwenge. Huu ulikuwa mwaka wa kumi na nne haoni kabisa.

"Mnakwenda kununua nini hasa?" aliuliza.

"Miwani ya kurushia droni, baba. Ukiivaa unaona kile ambacho droni inakiona."

"Kwa hiyo macho yako unayaacha, unaazima ya chombo."

"Ndiyo hivyo, baba."

"Basi msinunue ovyo." Mzee akapuliza maganda. "Macho hayachezewi. Mie yangu yaliliwa na vumbi la mpingo, kidogo kidogo, huku najiona mzima."

Katika nyumba ile habari ya vumbi ilikuwa kama sala ya Baba Yetu, haikuhojiwa na mtu. Kwa ajili ya vumbi hilo Ferdinand hakuwa mchongaji. Akiwa na miaka kumi na sita alichonga kichwa cha bibi kizee, mzungu mmoja akakinunua hata kabla hakijapakwa kiwi, na jioni ile ile Mzee, ambaye macho yake yalishaanza kufifia, akamnyang'anya patasi. Akaifungia sandukuni, akamwapisha asiguse tena mpingo. "Tafuta kazi ya kwenye mwanga," alimwambia. Ferdinand alilia siku tatu, kisha akaenda kujifunza kamera.

"Tutanunua nzuri, baba," alisema Filomena, na akamtangulia mumewe getini. Ferdinand alipomfuata akaligonga geti kwa bega la kulia, kama kawaida yake.

&nbsp;

Duka la Brightson lilikuwa Sinza, juu ya saluni. Brightson mwenyewe alikuwa mtu mpole, mwenye sauti ya kanisani, na alikuwa na wateja wengine watatu: vijana wawili waliokuja kuulizia maikrofoni na mama mmoja aliyesubiri simu yake itengenezwe. Aliichukua droni ya Ferdinand, akaiwasha, akaiweka dirishani kamera ikitazama barabarani.

Wakaanza na lile boksi. Ferdinand alilivaa, akaona ng'ambo ya barabara fundi viatu, bajaji mbili na mwanamke aliyekuwa akipanga maandazi.

"Hii inatosha kabisa," alisema upesi. "Tena picha safi. Mama Gladi, hii inatosha."

"Haya. Na ile nyingine?"

"Si nimekwambia inatosha?"

"Braza, jaribu tu," alisema Brightson. "Kujaribu bure."

Akamtolea ile ya vioo viwili kwa mikono miwili, kama mtu anayekabidhi mtoto mchanga. "Hii ina utaratibu wake. Hapa chini kuna vigurudumu viwili. Fumba jicho la kulia, zungusha cha kushoto mpaka maandishi yakolee. Ukimaliza, fumba la kushoto, fanya hivyo hivyo kulia. Maana hakuna mtu mwenye macho mawili yanayolingana."

Ferdinand akavaa, akafumba la kulia, akazungusha. Mara akatabasamu kwa mdomo wote.

"Ee bwana ee! Naona mpaka uzi wa fundi viatu!"

Filomena naye akatabasamu. Moyoni alishaiaga hela yake, na aliiaga vizuri.

"Sasa badilisha," alisema Brightson.

Ferdinand akafumba jicho la kushoto, akazungusha kigurudumu cha kulia. Akakizungusha mpaka mwisho. Akakirudisha.

"Washa huku," alisema.

"Imewaka, braza."

"Kushoto imewaka. Kulia haijawaka. Kioo cha kulia kimekufa."

Brightson akakagua waya, akakagua betri, akampa tena. Ferdinand akavaa, akatikisa kichwa. Hapo ndipo Filomena alipoweka mkoba wake juu ya kaunta.

"Kaka, milioni moja na laki sita, halafu kioo kimoja kimekufa? Mnatuonaje? Mnatuona wa kuja?"

"Sista, hii nimeifungua boksi leo. Plastiki yake hiyo hapo."

"Plastiki siivai mie! Nyie ndio zenu, mnauza mtumba mnaufungia nailoni. Ningemwacha aje peke yake angebeba hivi hivi, tufike Kimara tugundue, turudi hapa mseme tumeangusha sie!"

"Leta nyingine," alisema Ferdinand kwa ukali wa mtu ambaye mkewe yuko upande wake.

Brightson, jasho likimtoka, akafungua boksi la pili mbele ya macho yao. Akaunganisha. Ferdinand akavaa, akafumba la kushoto.

"Hii nayo imekufa."

Kijana mmoja akacheka. "Labda umefumba yote mawili, braza." Mwenzake akacheka zaidi, na yule mama wa simu akaficha mdomo kwa mtandio.

"Naomba mie," alisema Filomena. Akaivaa juu ya kilemba, akainua mkono kumnyamazisha kila mtu. Akafumba jicho la kushoto. Akafumba la kulia. Akarudia. Alipoivua uso wake ulikuwa umebadilika, na alizungumza polepole.

"Baba Gladi. Inaonesha."

"Kushoto."

"Kote. Nimemwona yule mwanamke wa maandazi kwa macho yote. Kavaa kanga ya njano."

Brightson hakusema kwamba miwani yake ilikuwa nzima tangu mwanzo. Aliizima ile miwani, akaiweka pembeni, akazunguka kaunta na kuja kusimama mbele ya Ferdinand.

"Braza, bila miwani sasa. Fumba la kushoto, unitazame mie."

Ferdinand akacheka kidogo, kama mtu mzima aliyeombwa acheze kombolela, akafumba jicho la kushoto. Duka likaondoka. Brightson akaondoka, rafu zikaondoka, Filomena akaondoka. Palibaki ukungu wa kijivu, na mbali kabisa, upande wa sikio, utepe mwembamba wa mwanga.

"Umezima taa?" aliuliza.

Akafumbua la kushoto, vyote vikarudi mahali pake, na taa ilikuwa inawaka. Akafumba tena, vikaondoka tena. Alifanya hivyo mara nne, na kila mara alikuwa na hakika kwamba safari hii ataona.

Yule mama wa simu akaziba jicho lake moja kwa kiganja, akatazama ukutani, akabadilisha kiganja. Vijana wa maikrofoni wakafanya vivyo hivyo, mmoja kwa siri, mwingine waziwazi. Hata Brightson alijigeuza kidogo akafumba la kulia, kisha la kushoto. Kwa muda kila mtu dukani alikuwa akihesabu macho yake.

"Nenda hospitali, braza," alisema Brightson. "Miwani haiendi popote." Kisha, kwa kuwa alikuwa muuzaji na hakujua namna nyingine ya kufariji, akaongeza, "Ungechukua lile boksi la skrini moja usingejua kabisa. Lile hata kwa jicho moja linatosha."

&nbsp;

Kwenye ngazi Filomena alimshika mkono. Hawakuwa watu wa kushikana mikono hadharani.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Sijui."

"Mtu hajui jicho lake likifa?"

"Sijui, Filomena! Sikuwahi kulifumba hili jingine. Nani anatembea kafumba jicho moja?"

Filomena akakaa kwenye ngazi pale pale, bila kujali nguo yake. Mambo yalikuwa yanamjia moja baada ya jingine, na kila moja lilimchoma. Bega na geti. Vikombe vitatu alivyovunja mwaka huu, vyote vilikuwa upande wa kulia wa meza. Bodaboda aliyemparaza pale kituo cha Stop Over, Ferdinand akamtukana mpaka watu wakajaa. Droni ya zamani iliyogonga nguzo ya umeme kule Goba, akasingizia upepo. Na lile ambalo yeye mwenyewe alilibeba rohoni tangu Pasaka: alikuwa kanisani, benchi la kulia, akampungia mumewe mkono mara tatu mbele ya mashoga zake, na mumewe akapita. Alimnunia wiki mbili. Alimwambia, "Siku hizi unaniona takataka."

"Siku ile ya Pasaka," alisema, "hukuniona?"

"Pasaka ipi?"

Filomena akajifunika uso kwa mtandio na kulia, na wateja wa saluni wakapita pembeni yake wakidhani ameachwa.

&nbsp;

Ijumaa walimwambia Mzee wanarudi dukani, wakaenda hospitali. Daktari Kokuberwa alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mikono baridi, asiyependa kuzungusha maneno. Alimpulizia Ferdinand hewa machoni, akamdondoshea dawa, akammulika. Kisha akamkalisha mbele ya mashine, uso ukaingia ndani ya kitu kilichofanana sana na ile miwani ya Sinza, akampa kitufe. "Ukiona taa, bonyeza." Ferdinand akabonyeza. Jicho la kushoto alibonyeza sana, ingawa si kama alivyotarajia. Jicho la kulia alikaa na kitufe mkononi mpaka akauliza kama mashine imeanza.

"Imekwisha," alisema daktari.

Akawaonesha karatasi mbili zenye duara. Duara la kulia lilikuwa jeusi karibu lote. Duara la kushoto lilikuwa jeupe, lakini ukingoni weusi ulishaanza kuingia, kama maji yanayoingia chumbani kwa chini ya mlango.

"Hii ni presha ya macho. Haiumi wala haiwashi. Inakula pembeni kwanza, na jicho zima linamfichia mwenzake. La kulia limekwenda, sitakudanganya. Kilichokwenda hakirudi kwa dawa, kwa upasuaji wala kwa maombi. La kushoto tunaweza kulilinda. Matone kila siku maisha yako yote, usiruke hata siku moja. Ungekuja baada ya miaka miwili mitatu, tungekuwa tunazungumza habari nyingine."

Ferdinand alitaka kuuliza kuhusu harusi ya Mbezi. Daktari alishashika kalamu.

"Kwenu nani mwingine haoni?" aliuliza daktari.

"Baba tu. Lakini yeye si ugonjwa. Yeye ni vumbi la mpingo, alikuwa mchongaji."

Daktari akaweka kalamu chini. "Wachongaji wenzake wote wamepofuka?"

Ferdinand akafikiri. Mzee Nurdin, aliyekaa na baba yake kibanda kimoja miaka thelathini, alikuwa bado anasoma gazeti bila miwani na kuwabishia watu habari za mpira.

"Hapana," alisema.

"Vumbi linawasha macho. Halifanyi hivi. Hii inatembea kwenye damu. Mleteni mtoto, nimpime, na kila mwaka apimwe. Baba yako mleteni pia. Na ndugu wote wa damu, wote, muwaambie haraka. Ndugu asiyejua hali yake, kila siku anayolala bila kupimwa anaibiwa macho."

Nje, kwenye benchi, simu ikalia. Alikuwa mwenyekiti wa kamati. Ferdinand akamweleza ukweli, kwa sababu hakuwa na nguvu za kutunga uongo: hataweza kuirusha ile droni, lakini mwenzake Godlisten ataifanya kazi hiyo vizuri. Kijiti kikasikika kwenye meno ya mwenyekiti.

"Kwa hiyo kitchen party yetu ya mwezi uliopita uliipiga kwa jicho moja?"

"Inaelekea hivyo."

"Basi ile tupunguzie, bwana kamera."

Filomena alimnyang'anya simu na kuikata.

&nbsp;

Walifika Kimara saa tisa alasiri. Gladness, mtoto wao, alikuwa bado shuleni. Mzee Benedikto alikuwa barazani, ungo wake mtupu magotini, na alitambua kwa hatua zao kwamba mambo si mazuri.

"Mmechelewa. Miwani mmeikosa?"

Ferdinand alikaa chini, akaanza kuvua viatu. Filomena ndiye aliyesema. Alisema yote: jicho la kulia, duara jeusi, matone, na damu. Alipofika kwenye vumbi alipunguza sauti, lakini hakulificha.

"Daktari anasema si vumbi, baba. Anasema ni ugonjwa wa ukoo."

"Ukoo gani? Kwetu hakuna ugonjwa wa macho."

"Hakuna mwingine aliyepofuka?"

"Mie tu." Mzee alijibu haraka, kisha akaongeza, "Na mama yangu. Lakini yule ni moshi. Alipika jiko la kuni miaka yote, ndani ya kibanda kisicho na dirisha. Kila mtu alijua ni moshi."

Filomena na Ferdinand wakatazamana.

"Mwingine, baba?"

"Hakuna. Baba mdogo Kristofa, labda, lakini yule aliungua na jua la mashamba ya mkonge. Na kaka yangu Mashaka, lakini yule…"

Akakomea hapo. Mikono yake iliushika ungo pande zote mbili.

"Baba mkubwa Mashaka alikuwa haoni?" aliuliza Ferdinand. "Mbona hamkuwahi kuniambia?"

"Yule alirogwa."

"Na nani?"

Mzee aliuweka ungo vizuri magotini. Jirani alikuwa akitwanga, na mchi ulisikika vizuri.

"Tulisema mkewe," alisema hatimaye. "Editha. Mashaka alikuwa na miaka arobaini, mwenye nguvu zake, akaanza kukosea mlango. Hakuwa mchongaji, kwa hiyo si vumbi. Hakukaa jikoni, kwa hiyo si moshi. Tukakaa kikao. Ikasemwa ni mwanamke, kwa sababu ndiye aliyempikia."

"Mlinambia Mama Albano alitoroka na mchuuzi wa korosho!"

"Tuliwaambia hivyo watoto." Sauti ya Mzee ilianza kupasuka. "Tulimfukuza. Sanduku lake nililibeba mie mpaka njia panda. Watu wakasema Benedikto ana huruma. Haikuwa huruma, mwanangu. Nilitumwa nihakikishe hageuki nyuma."

Ferdinand alisimama, akakaa tena. Alimjua baba yake kama mtu anayeomba radhi hata kwa kuku akimkanyaga. Sasa alikuwa anamtazama kwa jicho moja na hakumfahamu.

"Moshi, jua, uchawi, vumbi," alisema Mzee. "Kila mmoja tulimpa lake. Hatukuwahi kuwaweka watu hawa mahali pamoja. Na wewe nikakunyang'anya patasi. Bure kabisa. Nilikunyang'anya bure!" Akajipiga kifuani kwa ngumi, na ungo ukaanguka.

Filomena akauokota. Alikuwa ameshafika mahali ambapo wale wawili walikuwa bado hawajafika.

"Baba, huyo Editha alipoondoka, mwanawe Albano alikuwa na umri gani?"

"Alikuwa mgongoni. Hajatembea. Ferdinand alizaliwa miaka mitatu baadaye."

"Kwa hiyo sasa amempita Baba Gladi kwa miaka mitatu minne."

Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Daktari alikuwa amesema wote, na amesema haraka.

Editha hawakujua alipo, lakini chama cha kuzikana cha watu wa kwao hakimpotezi mtu. Katibu wa chama alitafuta kwenye daftari lake, akasema mwanamke huyo yuko Mbagala, hulipa ada yake kila mwezi na hahudhurii kikao hata kimoja. Akawatumia namba. Ferdinand akaibonyeza, akataka kuongea.

"Nipe," alisema Mzee. "Sanduku nililibeba mie."

Filomena akaweka sauti ya juu, akampa simu. Ikaita mara nyingi. Kisha sauti ya mwanamke mzee, kavu, na nyuma yake watu wengine wakizungumza kwa kelele.

"Haloo."

"Shemeji. Ni Benedikto. Mdogo wake Mashaka."

"Nani kafa?" aliuliza yule mwanamke. Miaka arobaini tangu aondoke, habari za ukoo ule zilimfikia kupitia chama tu, na zilikuwa za misiba.

"Hajafa mtu. Namuulizia Albano."

"Unamuulizia wa nini?"

"Macho yake."

Yule mwanamke akashusha sauti. "Nani kawaambia? Haoni tangu mwaka juzi. Ana watoto watatu, alikuwa dereva. Na hapa sasa hivi kikao kipo, wakwe zake wamekuja na mwenyekiti wa mtaa. Mkewe anasema hakai nyumba moja na mie. Wanasema nilianza na baba yake, sasa namalizia kwa mwanangu." Kisha akauliza, "Na wewe umepiga kuwaambia kwamba ni kweli?"

Mzee Benedikto akaishika simu kwa mikono miwili.

"Shemeji, mie mwenyewe sioni. Mwaka wa kumi na nne. Mama hakuona, Mashaka hakuona, na Ferdinand wangu jicho moja limekwenda. Mie hukuwahi kunipikia. Ferdinand hukuwahi kumtia machoni. Ni ugonjwa wetu. Ni wetu sie, umo kwenye damu yetu, na wewe tulikutwika."

"Mwambie kesho tunakuja kumchukua Albano," alinong'ona Filomena. "Mwambie hela ya hospitali ipo."

Lakini yule mwanamke alikuwa ameshaanza kusema, na sauti yake haikuwa kavu tena.

"Ngoja. Ngoja, Benedikto, usikate. Nageuza simu wasikie. Jamani nyamazeni! Nyamazeni nyote, msikilize! Haya, shemeji. Sema tena. Sema kwa nguvu."

Mzee Benedikto akainuka, akapapasa mpaka akaishika nguzo ya baraza, akasema tena.